Mbwa Wetu Ana Pasipoti, Sisi Tunangoja Kibali

Hannover, Ujerumani
Mwishoni mwa Mei

Mama, Baba Mdogo, Shangazi, na wote mtakaokusanyika sebuleni kusomewa hii,

Huku sisi wazima, mtoto mzima, mbwa mzima. Najua hapo kwenye mbwa Shangazi amekwisha kumsimamisha msomaji. Avumilie, nakuja huko.

Kwanza habari ya majira. Baridi imeondoka na saa zimesogezwa mbele, kama wanavyofanya kila Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo sasa mnatutangulia kwa saa moja tu badala ya mbili. Baba Mdogo, ile simu yako ya saa kumi na moja alfajiri, ambayo majira ya baridi ilikuwa inatufikia saa tisa usiku, sasa inatufikia saa kumi. Tunashukuru kwa nafuu hiyo.

Jua la kwanza lilipotoka lilikuwa la nyuzi 12. Kwetu Tukuyu nyuzi 12 ni za sweta mbili na kugombania nafasi jikoni karibu na moto. Huku watu walivua mashati. Walijilaza kando ya ziwa la Maschsee, macho wamefumba, nyuso wameelekeza juu, kama mijusi kwenye ukuta wa zahanati. Ziwa lenyewe ni la kuchimbwa. Walilichimba kati ya mwaka 1934 na 1936 ili kuwapa kazi watu waliokuwa hawana ajira. Mkwe wenu alisimama pale na koti lake hadi shingoni, akauliza kama hawa watu wana wazazi.

Haya, mbwa.

Ni jike, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alizaliwa Romania, akaokotwa mtaani, akasafirishwa hadi huku na watu ambao shughuli yao ni kuwatafutia mbwa nyumba. Alishuka kwenye gari akiwa na pasipoti. Sitanii. Ni kijitabu cha buluu chenye nyota za Umoja wa Ulaya. Ndani kuna jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya chipu iliyo chini ya ngozi ya shingo, na muhuri wa daktari kwamba amechanjwa kichaa cha mbwa. Kwa kijitabu hicho anaruhusiwa kuzunguka nchi zote 27 za Umoja. Mkwe wenu, mtu mwenye shahada, ndevu na mke halali, anangoja kibali chake cha kuishi kiongezwe muda, na barua aliyoandikiwa inamtaka awe na subira. Jioni wanakaa kochi moja, raia na mgeni. Raia ndiye anayekoroma.

Lakini msidhani mbwa huku anachukuliwa hivihivi. Jimbo letu hili la Niedersachsen lina sheria yake ya mbwa, na tangu Julai 2013 anayeanza kufuga lazima afanye mtihani. Mtahiniwa ni mwenye mbwa, si mbwa. Kuna wa nadharia, kabla ya kumchukua, na wa vitendo, ndani ya mwaka wa kwanza. Mwenye uzoefu wa karibuni anasamehewa, na mkwe wenu alitaka kujitetea kwamba kwao wamefuga mbwa tangu enzi za babu yake. Akaulizwa kama ana uthibitisho. Mbwa wa kwao, mnamjua, alilala nje, alikula alichobahatika, na hakuna kiumbe aliyewahi kuandika karatasi yoyote juu yake, hata jina lake lilikuwa linabadilika kutegemea nani anamwita.

Basi akasoma. Alisoma usiku, kwa kalamu ya rangi, kuliko alivyosomea chuo. Mbwa akikunja mkia anamaanisha nini? Mkimbiaji akija mbele yenu mnakaa upande gani? Siku ya vitendo mkaguzi alitembea nyuma yao mtaani na ubao wake wa kuandikia, wakapita mbele ya mgahawa ambao watu walikuwa wanakula soseji nje. Mbwa alitazama soseji. Mkwe wenu alimtazama mbwa. Mkaguzi akawatazama wote wawili, akaandika kitu. Wamefaulu. Cheti kimetundikwa ukutani karibu na kile cha ndoa, na nikisema kweli kile cha ndoa hakikutupa taabu kama hiyo.

Juu ya hayo kuna bima ya lazima, asije akamng'ata mtu au akasababisha baiskeli ianguke, na kuna kodi ya mbwa inayokwenda manispaa kila mwaka. Mbwa wa pili anatozwa zaidi kuliko wa kwanza. Yaani huku ukichukua vingi hupunguziwi, unaongezewa. Na kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 15 Julai mbwa haruhusiwi kuachiwa huru msituni wala mashambani, kwa sababu ni wakati wa ndege wanaotaga chini na sungura wanaozaa. Tunapopita mashambani sungura wanakaa wima katikati ya nyasi na kututazama bila wasiwasi. Nina hakika wameisoma sheria.

Shangazi, uliuliza kwenye simu nani anaondoa uchafu wake. Ni mkwe wako. Ana vifuko vyeusi mfukoni kama mtu mwingine alivyo na leso. Tafadhali usimwambie baba yake.

Sasa niwaambie la vyura, maana hili hata mimi bado silimalizi.

Mwezi Machi, miti haijachipua hata jani, mwenzangu mmoja pale nyumba ya wazee ninapofanya kazi ya uuguzi aliniuliza kama jioni tuna nafasi ya kusaidia vyura. Nikadhani ni timu ya mpira ya watoto. Kumbe ni vyura wenyewe, wale wa ngozi ya vipele. Majira ya baridi wanalala wamejichimbia msituni. Usiku wa kwanza wenye mvua, joto likipanda kidogo juu ya nyuzi 5, wanaamka na kushika njia kwenda kwenye bwawa walikozaliwa, ili nao wazae. Tatizo ni kwamba kati ya msitu na bwawa binadamu wameweka barabara ya lami. Kuna sehemu barabara inafungwa usiku kucha, gari lisipite, chura apite. Kwetu pembeni ya mji haikufungwa. Badala yake watu wanajitolea kusimamisha uzio wa plastiki wa kufika magotini, na kufukia ndoo ardhini kila baada ya hatua kadhaa. Chura akigonga uzio anaufuata kwa pembeni akitafuta upenyo, mpaka anatumbukia ndooni. Hapo anakuja mtu, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa na taa kichwani, anainua ndoo, anatazama kushoto, anatazama kulia, anavuka barabara, anawamwaga taratibu kwenye majani upande wa pili.

Mtu huyo ni mkwe wenu.

Kuna daftari pia. Unaandika tarehe, joto, madume wangapi, majike wangapi. Kuwatofautisha ni rahisi: jike ni mkubwa, na mara nyingi dume yuko mgongoni kwake. Amemkumbatia chini ya makwapa na hashuki. Safari yote ile, matope, uzio, ndoo, barabara, dume kabebwa, mpaka majini, ambako jike anataga mayai kwa mikanda mirefu akiizungusha kwenye mimea. Shangazi, usitaje jina la mtu hapo sebuleni.

Na dume ukimshika mgongoni anatoa kilio kidogo, kwik, kwik, kwik, yaani anakuarifu kwamba yeye si jike, umwachie. Ni wa baridi mkononi, ana macho ya rangi ya shaba, na kifua kinapanda na kushuka haraka sana. Mtoto wenu amejifunza kilio hicho na anakitoa tukimvalisha soksi. Kwetu chura akiingia jikoni anatolewa kwa ufagio na maneno makali. Huku nimeona gari la bei ya nyumba limesimama kwenye mvua, taa zinawaka, dereva mwenye tai anamsubiri chura amalize kuvuka. Mara ya kwanza nilicheka hadi nikaegemea uzio. Siku hizi mvua ikianza jioni mkwe wenu anakwenda dirishani kusoma kipimajoto, nami najikuta natafuta taa.

Mtoto anasoma chekechea isiyo na nyumba. Mama, si kwamba tumekosa ada. Ipo msituni, ina behewa dogo la mbao la kujikinga na dhoruba, lakini mvua ya kawaida haihesabiwi. Wanavaa suruali za mpira na kuendelea. Anarudi na udongo masikioni, anajua ndege kwa sauti zao, na jioni tunawasha taa zote za bafuni tumkague kupe. Nyuma ya magoti, kwapani, kwenye mstari wa nywele. Tukimaliza yeye, anafuata mbwa. Tukimaliza mbwa, tunakaguana sisi wenyewe, na hayo ndiyo mapenzi ya vijana ughaibuni. Kupe wa huku wanaweza kuleta uvimbe wa ubongo, ambao una chanjo, na ugonjwa wa borelia, ambao chanjo yake kwa binadamu hatuna, kwa hiyo unachunguza na kuwahi kumng'oa. Baba Mdogo, najua utasema tujenge josho. Nimelifikiria.

Bustani nayo tumepata, baada ya kukaa kwenye orodha mpaka tukasahau. Ni bustani za chama, vipande vidogo nyuma ya reli, kila kimoja na kibanda chake. Mnavyotujua Wanyakyusa, mtasema hapo ndipo tulipofika nyumbani, migomba hadi dirishani. Tulieni. Sheria ya nchi ya mwaka 1983 inasema kipande kisizidi mita za mraba 400, kibanda kisizidi 24 pamoja na baraza yake, na usihamie humo. Mwaka 2004 mahakama ya juu ikaamua kwamba angalau theluthi ya eneo ilimwe mazao ya bustani, isiwe yote nyasi na viti. Yaani kesi ya nani alime mboga kiasi gani ilipanda ngazi zote hadi kwa majaji wakuu! Kwetu hakuna aliyewahi kuamriwa kulima. Tunaamriwa kumwachia jirani njia ya kupita. Mkwe wenu alipewa na chama kijembe cha kukwaruzia magugu, akakitazama kwa huruma, akaenda kwa Mturuki mmoja anayeuza vifaa akapata jembe la kweli. Alipoanza kutifua, wazee wa jirani walileta viti.

Mwenyekiti wa chama alikuja na rula kupima ua wetu wa miti. Jumapili mashine ya kukata nyasi haiwashwi. Mama, hili ungelipenda: kanisani Jumapili tunahesabika, lakini washa mashine siku hiyo uone hasira za manabii. Na hao hao, ambao hawajakanyaga ibadani tangu kipaimara, walituonya tusipande maharage kabla watakatifu wa baridi hawajapita. Ni kuanzia tarehe 11 hadi 15 Mei, na wanawataja kwa mpangilio bila kukosea: Mamertus, Pankratius, Servatius, Bonifatius, na wa mwisho Sofia, ambaye wanamwita wa baridi. Tulisubiri. Usiku mmoja kabla ya Sofia umande uliganda kweli. Sasa maharage yametoka, na mchicha nao.

Sikukuu ya Kupaa kwake Bwana hapa ni mapumziko ya nchi nzima, na siku hiyo hiyo ni Siku ya Kina Baba. Desturi ya wanaume ni kuvuta mkokoteni wa kreti za bia msituni, wakiimba. Nasema tena: Kupaa kwake Bwana. Hawa ni vitukuu wa wale waliokuja kutuhubiria Rungwe mwaka 1891! Mkwe wenu alialikwa, akaenda na mbwa kwenye kamba kama sheria inavyotaka, wakaingia Eilenriede, msitu mkubwa ulio katikati ya mji. Alirudi giza linaingia, akasema ibada ilikuwa ndefu. Anasema alikunywa juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi. Mbwa hakutaka kuhojiwa.

Shangazi, la mwisho ni lako. Nimesikia binamu anakuja Agosti na kwamba umemshonea mbegu za maboga ndani ya pindo la koti. Lishonoe. Tangu Desemba 2019 mbegu kutoka nje ya Umoja haziingii bila cheti cha afya ya mimea, na nyama ya kukausha na maziwa usivitaje kabisa. Forodha watachukua vyote na koti watalichana. Mpe majani ya chai ya Rungwe, kilo moja, ya hapo hapo kiwandani. Hayo yanapita.



Binti yenu