Spika Tano, Kabati Moja
Jirani yangu kanunua hom thieta: spika tano na sabufa. Maelekezo yanataka zile mbili za pembeni zikae kushoto na kulia kwa msikilizaji, nyuzi 90 hadi 110 kutoka mbele, juu kidogo ya masikio. Yeye kazipanga zote tano kwenye kabati la televisheni, bega kwa bega kama wajumbe kwenye picha ya kikao, kila moja na kitambaa chake cha kufuma. Eti waya haufiki. Basi helikopta ya kwenye sinema, iliyotakiwa itupitie utosini, inatua palepale kwenye maua ya plastiki. Sabufa nayo, maskini, imetwishwa jagi la maji; besi ikipiga, glasi zinacheza. Sisi wa ukuta wa pili tunaifaidi kuliko mwenyewe.