Sifa za Ukurasa Usiofunguka

Washairi wa pwani wameimba sifa za mnazi, za jahazi na za macho ya wapenzi wao, na wenzao wa bara wamewatukuza ng'ombe na milima, lakini sijamwona hata mmoja aliyeketi akashika kalamu ili auenzi ukurasa wa serikali usiofunguka mtandaoni. Na kwa kuwa mimi ni mkazi wa Lanet, mahali ambapo mtu atakaye kujua anavuta hewa ya namna gani hukutana na ukurasa huo mara nyingi kuliko anavyokutana na binamu zake, naona ni insafu nizitaje fadhila zake hadharani, kabla hajatokea fundi mwenye bidii isiyo na adabu akautengeneza.

Lanet iko kandokando ya barabara kuu itokayo Nairobi, kabla hujaingia Nakuru mjini. Wageni huijua kwa kambi yake ya jeshi, ambamo askari waliasi mwezi wa Januari 1964; sisi wenyeji twaijua zaidi kwa malori yaendayo Malaba, ambayo hayana usiku wala mchana, na kwa udongo wake wa jivu la volkano, mwepesi kiasi kwamba kiangazi kikishika upepo haupati taabu yoyote kuuhamisha kutoka shamba la mtu hadi kwenye sufuria ya mtu mwingine. Ng'ambo ya mji, kwenye miteremko ya Menengai, liko jaa la Gioto, ambalo taka zake huungua na kufuka zitakapo. Tia hapo moshi wa matatu, majiko ya makaa na mabua ya mahindi yanayochomwa baada ya mavuno, nawe utakiri kwamba hatukunyimwa kitu.

Yupo atakayesema kwamba kwa hali hiyo hakuna haja ya taarifa za kitaalamu: anika shati jeupe la shule asubuhi, lianue alasiri, utazame mshono wa ukosi, na mstari wa kahawia utakaouona pale ni ripoti tosha. Maskini, huyo hajui kwamba vumbi lionekanalo ndilo lenye huruma, maana aghalabu hukwama puani na kooni likatoka kwa kupiga chafya. Chembe zenye kudhuru hasa ni zile zisizozidi mikromita 2.5, yaani kadiri ya sehemu moja ya thelathini ya upana wa unywele, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine zikaingia damuni, wala hazionekani kwenye ukosi wa shati lolote. Hizo hazijulikani ila kwa mitambo, na mitambo haijulikani ila kwa takwimu, na takwimu, kwa desturi ya nchi zote zilizostaarabika, huwa kwa serikali. Hapo ndipo ukurasa wetu unapoingia kwa taadhima yake yote.

Fadhila yake kubwa ni kuwa na haya. Habari nyingi za zama hizi zimekosa malezi: bei ya petroli hujitangaza yenyewe, matokeo ya mpira hukufuata mpaka kitandani, na mkopo usiouomba hubisha hodi kwenye simu yako alfajiri. Lakini taarifa ya hewa imelelewa kwa sitara. Hukaa ndani kama mwali aliyefungiwa, na amtakaye sharti apite kwanza kwa wazee. Nilikwenda siku moja saiba, karibu na stendi, nikamwomba kijana wa pale anifungulie tovuti ya afisi moja ya umma ambayo sitaitaja kwa kuiheshimu. Juu kabisa tulikaribishwa na picha ya wakubwa wakipanda mti, wote wameshika sepetu moja. Chini yake palikuwa na mlango wa machapisho, na ndani ya machapisho mlango wa ripoti, na ndani ya ripoti jina la hati niliyoitaka, limeandikwa waziwazi kwa rangi ya samawati. Kijana akabofya. Kiduara kikazunguka kwa utulivu wa mtu mwenye pensheni, kisha tukaarifiwa kwamba kitu tunachokitafuta hakipo, au kimehamishwa, au pengine hakijawahi kuwapo. Nani mwingine serikalini hukujibu kwa unyofu wa namna hiyo?

Na msomaji asidhani kwamba ukurasa huu hauna ndugu. Hati ya pili ilifunguka, tena yote, ikawa imepigwa picha kwa skana hali imelala ubavu, hata ikatubidi mimi na kijana tuinamishe shingo upande mmoja. Na juu ya safu ya tarakimu, pale hasa penye tarakimu, palikuwa na muhuri wa duara wa kupokelea barua, uliogongwa kwa nguvu na mtu aliyekuwa na yakini ya kazi yake. Mahali ambapo ile herufi ya Kiyunani imaanishayo mikro ingekuwa, mashine ilikuwa imeweka kisanduku kitupu. Kwa hiyo gramu zile zilikuwa ama mikrogramu ama miligramu, na kati ya hizo mbili kuna tofauti ya mara elfu, ambayo katika mambo ya mapafu ndiyo tofauti kati ya kikohozi na mazishi. Mwandishi mdogo angaliiandika mikrogramu akatunyima nafasi ya kutafakari.

Fadhila nyingine ni amani ya moyo. Kanuni za Ubora wa Hewa, zilizotolewa kwa Tangazo la Kisheria nambari 34 la mwaka 2014, ziliruhusu wastani wa mwaka wa mikrogramu 35 za chembe zile ndogo katika kila mita ya ujazo ya hewa, na 75 kwa wastani wa saa 24. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Septemba 2021, limesema 5 kwa mwaka na 15 kwa saa 24. Maana yake ni kwamba pafu la Mkenya, kwa mujibu wa kanuni hizo, lilikuwa na ustahimilivu mara saba kuliko pafu lile la Geneva, jambo la kujivunia kitaifa. Lakini fikiri ni ghasia gani ingezuka kama jedwali la viwango hivyo lingebandikwa kwenye mlango wa kila zahanati, na kando yake kipimo halisi cha jana. Shirika hilohilo lakadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya majumbani, huhusika na vifo vya mapema vya watu milioni 7 hivi kila mwaka ulimwenguni. Mama akijua hayo atauliza maswali kuhusu kikohozi cha mwanawe. Asipojua, atanunua dawa ya kikohozi, na mwenye duka la dawa naye ana watoto wa kusomesha.

Ama fadhila ya elimu, hiyo sina budi kuitia chumvi kidogo ili imwelee msomaji, ingawa yaliyomo ni kweli tupu. Mtu anayetafuta hewa ya Lanet hupelekwa na utafutaji wake hadi mahali ambako asingefika kwa miguu. Atagundua kwamba juu ya Mlima Kenya, mita 3,678 kutoka usawa wa bahari, Idara ya Hali ya Hewa ina kituo kilichojengwa mwaka 1999 katika mpango wa dunia wa kuchunguza angahewa, na kwamba vipimo vyake vimehifadhiwa hata katika ghala la takwimu za gesi lililoko Japani. Atagundua pia kwamba Dagoretti, jijini Nairobi, tangu 1996 hurushwa puto kila wiki, kwa ushirikiano na Waswisi, likichukua kifaa cha kupimia ozoni hadi kadiri ya kilomita 30 angani. Haya ni mambo matukufu, na wanasayansi wanaoyafanya wastahili heshima, kwani kituo kile kiliwekwa mlimani makusudi, mbali na moshi wa watu, ili hewa ya dunia nzima ijulikane. Ila utamwona mtafutaji wetu, ameketi saibani na kikohozi chake, ameshajua habari za hewa wanayovuta kwale wa mlimani na za hewa isiyovutwa na kiumbe chochote, ilhali hewa ya mita moja na nusu kutoka ardhini, kimo ambacho pua za raia zilipangwa na Muumba, bado anaitafuta.

Hawakosekani wenye kuvunja adabu hii. Vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere, tangu 2015, wamekuwa wakiunda vifaa vya bei nafuu vya kupimia chembe, katika kazi waliyoiita AirQo, wakavifunga juu ya majengo na hata kwenye boda boda za Kampala, na matokeo yake wakayaanika wazi ayaone kila mwenye simu. Kitendo kisicho na staha hata kidogo. Na hapa kwetu, jambo linaloniuma zaidi, mvunja adabu alikuwa mtumishi wa serikali yenyewe. Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja alipata sifa duniani mwaka 2012 kwa kuwaarifu watu wake kupitia Twitter, kwa Kiswahili, kwa maneno yasiyozidi herufi 140, na hata wasio na simu za bei waliyapata kwa ujumbe mfupi. Kondoo akipotea, chifu aliandika, kondoo akapatikana. Wezi wakivamia nyumba usiku, chifu aliandika, majirani wakatoka. Hapakuwa na machapisho ndani ya ripoti, wala muhuri, wala kiduara. Mtu akishazoeshwa kupata habari za kondoo kwa njia hiyo, utamwambia nini akianza kuuliza za moshi?

Hata hivyo nafarijika kuona kwamba heshima ya ukurasa usiofunguka inazidi kutambuliwa na wakubwa. Balozi za Marekani katika miji kadhaa, Kampala na Addis Ababa ikiwamo, zilikuwa zimetangaza vipimo vya hewa kwa miaka, saa baada ya saa. Mwezi wa Machi 2025 dola ile ikaacha kuvitangaza, kwa sababu ya fedha. Twawakaribisha katika ushirika wetu.

Kwa sababu hizi zote namsihi msomaji anisaidie kuuhifadhi ukurasa huu, na hasa ajihadhari na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, nambari 31 ya 2016, iliyotungwa kutokana na Ibara ya 35 ya Katiba, kwani hiyo ndiyo adui yake wa hakika. Mtu yeyote mwenye uraia akimwandikia barua afisa mkuu wa taasisi ya umma, akaeleza bayana kwamba ataka vipimo vya hewa vya mahali fulani na vya mwaka fulani, hatozwi ada kwa kuomba, wala halazimiki kusema avitakia nini. Taasisi yapaswa kumjibu ndani ya siku 21, na habari ikiwa yahusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Akinyimwa, aweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nakuomba usiiandike barua hiyo. Na ukishindwa kujizuia, sheria yaruhusu iandikwe kwa Kiswahili.