Digrii 32 za Minnesota: Mwongozo kwa Mpanda Nyanya Mgeni

Ndugu mgeni, Aprili ikielekea ukingoni jua litawaka Minneapolis. Theluji itabaki vichuguu vichafu pembeni mwa maegesho, wenyeji watavaa kaptura, nawe utakumbuka kuwa umezaliwa Morogoro. Kimbilia dukani, nunua miche sita ya nyanya, ipande siku hiyohiyo, mtumie mama picha.

Jioni sikiliza utabiri: usiku, digrii 32. Cheka. Hiyo si Dar es Salaam saa nane mchana? Asubuhi utakuta majani meusi, yamelala kama mchicha uliosahaulika jikoni. Hapo ndipo jirani atakapokueleza kwamba huku wanapima kwa Farenhaiti, na maji huganda kwenye 32.

Rudi dukani. (Usimuulize muuzaji kwa nini anauza miche Aprili. Anaishi kwa watu kama wewe.)

Safari hii umeerevuka: ukisikia 36, unalala. Usilale! Kipimo hicho ni cha hewa iliyo karibu na kimo cha mtu. Usiku usio na wingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake angani, na sakitu ikashika majani ya chini huku utabiri ukiapa kwamba hakuna kilichoganda. Toa khanga. Funika magharibi, udongo ungali na joto, pindo lifike chini na ulikandamize kwa mawe. Nailoni iwekee vijiti isiguse majani, maana inapogusa baridi hupenya. Mwenye khanga atauliza kama doti ile ilinunuliwa kwa ajili ya nyanya. Kwa swali hilo mwongozo huu hauna msaada. Asubuhi funua mapema, usije ukaipika miche uliyoiokoa.

Wenyeji husubiri Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, ipite. Kwanza huizoesha miche nje, saa chache leo, zaidi kesho, kwa wiki nzima au zaidi, na usiku huiingiza ndani kama vifaranga. Waliokwisha kuumwa na nyoka hungoja mpaka mwisho wa mwezi.

Bibi mmoja mtaani kwetu hakugusa udongo hadi Juni. Nilimwonea huruma. Mimi nilishapanda mara tatu, na miche yangu ilikuwa hai kabisa, ila katika udongo ulio chini ya digrii 10, za kwetu hizo, nyanya haifi wala haikui; inakutazama tu.

Agosti alinigongea mlango na bakuli la nyanya nyekundu. Mimi nilikuwa bado nahesabu maua.