Mwali wa Kipupwe

Kabichi ni jirani mwema: hata usipomwandalia, atakula kilichopo na kulala. Koliflawa ni mwali. Ukitaka kumvuna Julai, baridi ya Lushoto inapowakalisha watu jikoni kuota moto hadi saa nne asubuhi, weka jembe pembeni kidogo, jifunge kanga, uwe kungwi.

Kungwi huanza kwa kuhesabu siku. Bwana harusi ni kipupwe, na huyo hangoji mtu. Mwali hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, kisha shambani miezi miwili hadi mitatu, kutegemea aina ya mbegu. Basi sia mbegu Machi, miche ihamishwe mwishoni mwa Aprili. Anayesubiri Juni, mpaka meno yagongane ndipo akumbuke kusia, atamtoa mwali Oktoba jua limesharudi. Joto likimpata, kichwa huachana punjepunje kama wali. Harusi itakuwa na pilau, bibi harusi hayupo.

Hapa kwenye kuhamisha miche ndipo ninapoona wengi wakiumia. Mche uliozeeka kitaluni, ukabanana na wenzake na kukosa maji, hukata tamaa mapema: hutoa kichwa cha ukubwa wa limau na kuishia hapo, na mbolea utakayomwaga baadaye haitakikuza. Hamisha jioni, mwagilia, mpe kila mmoja nafasi ya sentimita 45 kwa 60. Mwali hapendi kusukumwa.

Usimlaze kitanda walichotoka kabichi, brokoli au sukuma wiki. Ni ukoo mmoja, na wanaachiana maradhi udongoni. Udongo wenye tindikali utie chokaa mapema, maana humo ndimo mizizi huvimba vinundu. Samadi iwe imeoza sawasawa. Shina likiwa na uwazi wa kahawia ndani, amekosa boroni. Msimu ujao tia boraksi kidogo sana, kwa kipimo cha bwana shamba. Na wale viwavi wadogo wa kijani, wapekue chini ya majani kila siku mbili tatu. Ukiwapiga dawa ileile kila wiki, wataizoea kama chai.

Kichwa kikifika ukubwa wa yai, mwali anatawa. Kunja majani yake ya nje, yakutanishe juu, funga kwa uzi au ukindu bila kukaza. Jua likimwona atageuka manjano, na wanunuzi sokoni wanataka mweupe. Mchungulie kila baada ya siku mbili, taratibu, kama unavyofunua pazia.

Siku ya kumtoa ni ile kichwa bado kimebana, kizito mkononi. Ukingoja kinenepe zaidi, kinaanza kufumuka, na bei inashuka hapo hapo. Kata asubuhi umande haujakauka, na umwachie majani machache ya kujifunika njiani kwenda Dar es Salaam.