Bomba Linalolainishwa kwa Kubofya

Fundi bomba wa Msowero, Kilosa, akitaka maji yafike mbali kwa nguvu, hununua bomba pana zaidi. Mhandisi wa mjini ana njia nafuu: anafungua programu ya kukokotoa mfumo wa kunyunyizia maji ya kuzima moto, anabadilisha namba ya ulaini wa bomba kutoka 120 ya chuma cheusi hadi 150 ya plastiki, na kwa kanuni ya Hazen-Williams presha inayopotea njiani inapungua kwa theluthi nzima. Onyo jekundu linatoweka. Bomba lenyewe, huko stoo, halina habari.

Watetezi watasema plastiki kweli ni 150. Sawa, basi inunuliwe plastiki inayoruhusiwa kwa kazi hiyo. Watasema pia chuma kipya ni laini kuliko 120. Ni kweli, ila 120 imekwisha kuhesabu kutu ya miaka ijayo, na moto hauna desturi ya kuja bomba likingali jipya. Soko la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, moto haukuomba kuonyeshwa mahesabu ya mtu. Hariri upendavyo, mradi risiti ya dukani ihaririwe nayo.