Simu Zimeniua, na Mimi Ndiye Ninayezichaji

Kaa, jirani, kaa popote. Mabenchi yote yako wazi. Habari ya kulipa usiifikirie, hata mwenye sine ameshasahau watu hulipaje. Ndiyo, mimi. Papa Sine. Hapa Kalembe jina hilo lilikuwa cheo, kidogo tu chini ya chefu. Leo watoto wakiniita hivyo wanacheka kwanza, halafu ndiyo wanasalimu. Wengine hawafiki kwenye salamu.

Adui yangu anaitwa karte memwari. Kitu kidogo kuliko ukucha. Pale upande wa soko kuna kijana mwenye kompyuta iliyopasuka kioo. Unampa karte yako na franga mia mbili, anakuwekea filme tano. Tano! Mimi kwa mia mbili hiyo hiyo nakuonyesha moja, tena umekalia ubao wenye msumari. Na hiyo moja ninayoonyesha jioni, yeye ameshaigawa tangu asubuhi. Mzigo wetu ni mmoja, unatoka Goma kwa mtu yule yule wa pikipiki, barabara ikiwa nzima. Nilimwendea kwa upole. Nikamwambia, mdogo wangu, niachie filme mpya hata mpaka Jumapili. Akanijibu, "Papa, biashara ni biashara." Halafu akaniuliza kama grupe yangu inawaka, maana simu yake imezima. Nikaichukua nikaenda kuichaji.

Hapo ndipo kidonda chenyewe kilipo, jirani. Nani hapa ana umeme? Nina grupe, na grupe inakula esansi, na esansi hainunuliwi kwa heshima. Kwa hiyo nje ya mlango nimeweka ubao, juu yake ralonji tatu zimeungana. Simu zimelala pale kama samaki mnadani, kila moja na kipande cha plasta chenye namba. Kuchaji ni franga mia tatu. Kuingia sine ni mia mbili. Yaani adui analipa vizuri kuliko mteja. Na usifikiri watu wanaacha simu na kwenda zao. Hawaendi! Wanachuchumaa pale pale, waya umevutika mpaka mwisho, vichwa vitano juu ya kioo kimoja, wanaangalia filme yangu. Kwa umeme wangu. Mlangoni kwangu. Nikiwasha ndani, wao nje wametangulia dakika mbili. Bomu linalipuka nje, halafu linalipuka ndani. Na hapa kwetu, mtu akisikia mlipuko mara mbili haulizi ni filme gani, anatafuta viatu. Jumamosi moja nilipoteza wateja wote wanne kwa namna hiyo. Watatu hawakurudi. Wa nne alirudi kudai mia mbili zake.

Nikalia kwa mtoto wa dada yangu aliyesomea Goma, yule anayesoma hata karatasi iliyofungiwa karanga. Akaniambia, "Mjomba, hauko peke yako. Hata Wamarekani iliwakuta." Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Kumbe wakati wa Corona, Desemba 2020, Warner Bros. walitangaza kwamba filme zao zote za 2021, kumi na saba, Marekani zitatoka siku moja kwenye majumba ya sinema na kwenye HBO Max. Nikauliza huyo HBO Max ni mtu wa wapi. Akasema si mtu, ni mahali pa kulipia kila mwezi na kuangalia ukiwa kitandani. Nikauliza, sasa mwenye Warner ana akili kweli? Mwenyewe nani? Akasema wakati huo ni AT&T. Hao nao wanauza nini? "Simu, mjomba." Jirani, nilisimama. Nikakaa. Simu tena! Mpaka huko! Na mwenye sine kule anaamka asubuhi anakuta filme yake imeshaingia mfukoni mwa mteja, na aliyeiingiza ndiye yule yule aliyemuuzia.

Na Disney nao, Julai 2021, wakatoa Black Widow huku na huku. Siku tatu za kwanza Marekani sine ziliingiza dola milioni 80, na walioangalia nyumbani, dunia nzima, wakatoa milioni 60, kila nyumba dola 30. Kwa hesabu yangu hiyo ni sherehe. Mtoto akasema ngoja. Wiki ya pili mapato ya sine yalianguka kwa theluthi mbili. Kwa nini urudi? Kwa nini umpeleke shangazi, wakati shangazi ameshaona kwa jirani? Mama mwenyewe aliyecheza, Scarlett Johansson, akawashtaki Disney mwezi ule ule, maana malipo yake yalifuata hela ya mlangoni. Septemba wakapatana. Nikasema vizuri, na mimi nashtaki. Nikavaa koti. Nikafika kwa mkubwa mmoja hapa, akanisikiliza vizuri sana, akaniuliza, "Na ile simu yangu namba saba imejaa?"

Lakini kuna jambo moja nilielewa kabla mtoto hajamaliza, kwa sababu hilo ni la kazi yangu. Picha.

Wewe unakumbuka zamani filme mpya ilivyokuwa ikifika hapa? Mtu kule kwa wazungu aliingia sine na kamera kifuani, akarekodi gizani. Sisi tulipata filme na wateja wake ndani. Kichwa kinapita. Mtu anakohoa. Mwanamke mmoja anacheka kabla ya kichekesho, na sisi huku tunamsubiri acheke. Wakati mwingine muuaji anafunua uso, na hapo hapo mzee mmoja mnene anasimama kwenda kukojoa, basi Kalembe nzima hatukuwahi kumjua muuaji. Mabishano ya wiki! Na wiki ijayo wanarudi, wanalipa tena, labda mzee leo atakaa. Kwenye simu picha ile ilikuwa giza tupu. Ilibidi uje kwangu, kwenye televizyo kubwa na bafle mbili. Ubaya wa picha ndio ulionilisha, jirani. Watoto wangu wamesomeshwa na kikohozi cha Mmarekani.

Sasa filme ikitoka sine na nyumbani siku moja, mwizi hana haja ya kukaa gizani. Anaichota safi siku ile ile. Godzilla na Kong walivyokuja 2021, unahesabu mpaka nywele za mgongo. Mnyama mrefu kuliko mlima, yuko kwenye kioo cha vidole vitatu, na kijana anamwangalia huku anakula muhindi. Hakuna mzee wa kusimama. Hakuna wa kurudi wiki ijayo.

Usiniangalie hivyo. Mimi si mwizi. Mimi nimenunua. Kwa mtu wa pikipiki, taslimu.

Nikasema basi, nitoe kitu ambacho karte haina. Watanzania walikuwa na Lufufu, anakaa na kipaza sauti anaisimulia filme kwa Kiswahili mpaka unamsahau mwigizaji. Waganda wana VJ Jingo na wenzake, kwa Kiganda. Kwa nini mimi nisiweze? Kiingereza sijui, lakini macho ninayo. Nikaazima kipaza sauti cha kwaya. Nikaanza: huyu mzee mbaya amemnyima binti yake ng'ombe, binti amekasirika, anakimbia mpaka Pinga. Watu wakanyamaza. Nikajua nimewashika. Ndipo mtoto mmoja wa darasa la nne akainua mkono kama shuleni. "Papa, yule si baba yake. Ni bwana yake. Na hakuna ng'ombe. Nilishaionaka kwa simu." Toka siku hiyo, mtu akidanganya hapa sokoni wanamwambia, leta na ng'ombe.

Halafu nikaambiwa huko Marekani kila Jumapili wanatangaza filme imeingiza kiasi gani, na namba ikiwa kubwa watu wanakimbilia kuiona. Nikasema nami nitahesabu. Nikaweka meza mlangoni, daftari, kalamu mbili, na mimi nyuma yake nimevaa miwani ya marehemu baba. Jirani, foleni! Ilipita kanisa, ikakata kona. Mama na mtoto mgongoni, wazee na fimbo, watu wa ng'ambo ya mto. Machozi yakanitoka. Nikauliza wa kwanza jina, akasema, halafu akaongeza, "Nyumba yangu tuko watu tisa, na tulishakimbia mara tatu." Wa pili vile vile. Wa tatu akauliza kama sabuni iko kwenye orodha au ni maharagwe peke yake. Si unajua, hapa kwetu meza na daftari maana yake shirika la misaada. Niliposema ni sine, walitaka kunipiga. Mama mmoja akasema angalau nitoe sabuni. Nikatoa. Ya kwangu ya kuogea.

Ndugu zangu wa Kinshasa walishayaona haya mapema, majumba yao mengi ya sinema yakageuka makanisa. Pasta mmoja wa hapa naye anapita kila Jumatatu, anapima ukuta wangu kwa hatua, anatabasamu. Mama watoto anasema nimpe. Mama watoto ana kesi yake na mimi. Oktoba 2024, vita ilipoingia Kalembe na watu tukakimbia, mimi nilibeba televizyo, nikaacha godoro. Ananikumbusha mpaka leo, hasa usiku.

Sasa sikiliza walivyofanya Wamarekani wenye kichwa. Spider-Man: No Way Home, Desemba 2021, wakaitoa sine peke yake. Nyumbani hakuna. Siku tatu, Marekani pekee, dola milioni 260. Mwisho wake ikapita bilioni moja na milioni mia tisa duniani. Ya Tom Cruise, Top Gun: Maverick, waliificha miaka miwili Corona ipite, wakaitoa sine Mei 2022, ikakaribia bilioni moja na nusu. Na mtengeneza filme Christopher Nolan, aliyewakasirikia Warner kwa uamuzi ule wa HBO Max, alihama na filme yake, Oppenheimer ya 2023 akaipeleka Universal, ikapita milioni 900. Watu si kwamba wamechoka na sine. Watu hawalipii mlangoni kitu ambacho kimeshaingia ndani. Na mimi hilo sikulisoma popote, nimelikalia kwenye benchi lenye msumari.

Maana mpira, jirani, unanijazia nyumba mpaka leo. Februari 2024, nusu fainali ya CAN, Kombe la Afrika, sisi Wakongo na Côte d'Ivoire. Mpira ule ulitoka dunia nzima dakika ile ile, hata kwenye simu, kwa mwenye rezo na mega. Lakini rezo ya hapa unaijua, na kijana wa karte hawezi kukuwekea goli ambalo halijafungwa. Walijaa mpaka kwenye madirisha. Wachezaji wetu walipofunika midomo kwa mkono na kuweka vidole viwili kichwani kama bastola, kwa ajili yetu huku mashariki, mle ndani hakuna aliyepumua, hata mtoto wa darasa la nne. Tulifungwa moja bila. Watu walitoka wanalia. Mimi nilitoka nalia na mfuko umejaa, na nilijisikia vibaya mpaka nilipofika kwa muuza esansi.

Kwa hiyo namwomba mdogo wangu wa karte, mbele yako wewe uwe shahidi. Zamani kule Hollywood sine zilikaa na filme kama miezi mitatu kabla haijaenda nyumbani. Baada ya vurugu za 2021, wengi wakashuka mpaka siku 45 hivi. Mimi siku 45 sizitaki, nitakuwa nimekufa. Nipe Jumamosi na Jumapili tu. Jumatatu uigawe mpaka kwa mbuzi. Nami nitakuchajia bure, simu na kompyuta.

Na wewe, jirani, yako ni namba kumi na moja. Imejaa. Mia tatu.