Ning'iniza Sinema Sebuleni kwa Hatua Saba

Kuna watu wanaotosheka na televisheni. Wanakaa, wanawasha, wanaangalia, wanazima, wanalala. Mwongozo huu hauwahusu. Unamhusu yule aliyealikwa kwa rafiki kuangalia mechi, akakuta Simba na Yanga wamejaa ukuta mzima, akarudi kwake akaitazama televisheni ya inchi 43 na kuona haya. Dawa yake ni moja: projekta na skrini ya kuvuta, ile inayojificha ndani ya kasha jembamba juu ya ukuta. Fuata hatua zifuatazo kwa utaratibu na usiruke hata moja, maana kila moja ina gharama yake.

Hatua ya kwanza: Usipime chochote

Kupima ni kazi ya mafundi cherehani. Wewe una macho. Simama katikati ya sebule, kunja mikono kifuani, utazame ukuta, kisha useme: "Inchi 100 inaingia hapa." Ukisema kwa sauti ya kutosha, hakuna atakayebisha.

Usihangaike kujua kwamba hizo inchi 100 hupimwa mshazari, kona hadi kona, na kwamba picha pana ya siku hizi ya saizi hiyo ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Kasha nalo huzidi picha kwa pande zote mbili, kwa hiyo unahitaji karibu mita mbili na nusu za ukuta mtupu. Ukuta wako una mlango wa chumbani upande huu, swichi ya taa upande ule, na katikati limesimama kabati la vyombo ambalo mama watoto alilinunua kwa pesa ya kikoba. Hayo ni mambo madogo. Sema tu kwamba kabati litahama. Ukishasema hivyo mbele yake, utajulishwa ni nani mwingine anayeweza kuhama.

Projekta nayo ina masharti. Nyingi za nyumbani hutaka umbali wa mara moja na robo hadi moja na nusu ya upana wa picha. Kwa upana wa sentimita 221, lenzi inatakiwa ikae kati ya mita 2.8 na 3.3 kutoka kwenye skrini. Sebule yako ina mita tatu na nusu, na makochi yamekula mita nzima ya mwisho. Kwa hiyo projekta itaning'inia juu ya vichwa vya wageni, au itakaa kwenye stuli mbele ya magoti yao na picha ipungue, penye njia ya kwenda chooni. Kila anayekwenda kujisaidia atakatiza uwanja, na kivuli chake kitawapiga chenga mabeki wote wanne.

Hatua ya pili: Nunua kwa masikio

Nenda Kariakoo Jumamosi mchana, wakati ambao mtu hawezi kusimama wala kufikiri. Ingia duka la kwanza litakalokuita bosi.

"Karibu bosi, ingia ndani. Skrini zipo, hii hapa ya 4K kabisa."

"Orijino?"

"Orijino, bosi. Hiyo nyingine ndiyo ya Mchina."

Maboksi ya zote mbili yameandikwa kwamba zimetengenezwa China, lakini usiharibu mazungumzo.

Skrini ni kitambaa cheupe, mara nyingi cha plastiki ya PVC iliyopakwa juu ya nyuzi. Haina pikseli hata moja, kwa hiyo haiwezi kuwa 4K. Inaweza tu kuwa safi au chafu, nyoofu au yenye makunyanzi. Pikseli ziko kwenye projekta, na huko nako soma boksi kwa imani. Likikwambia kwamba projekta inakubali 4K, halikudanganyi. Inaipokea picha ya 4K kwa heshima zote, kisha inaipunguza mpaka ilingane na pikseli ilizo nazo, ambazo kwenye projekta nyingi za bei poa ni 1280 kwa 720, na nyingine hazifiki hapo. Boksi litataja pia lumeni 9,000 za mwanga. Ukiuliza kama hizo ni lumeni za kipimo cha ANSI, muuzaji atamwita mwenzake, na mwenzake atakuuliza kama unataka na rimoti.

Utaonyeshwa pia skrini ya "70 kwa 70". Ni ya mraba, inchi 70 kila upande, yaani sentimita 178, na imezoeleka maofisini na kwenye kumbi za semina. Bei yake inavutia. Ukiichukua, picha ya mpira itajaza upana wote na kuishia kimo cha sentimita 100. Zile 78 zitakazobaki zitakaa nyeupe msimu mzima, ukizitazama na kukumbuka ulivyookoa pesa.

Usikubali boksi lifunguliwe dukani. Mnunuzi mwoga angeomba skrini ikunjuliwe yote, akaichungulia kwa ubavu aone kama ina mawimbi, akaivuta na kuisimamisha sehemu tatu nne ajue kama loki inashika. Muuzaji atakwambia ikifunguliwa itachafuka. Mwamini. Ukikuta kasoro nyumbani, risiti ipo, na chini yake kuna maandishi madogo yanayosema mali ikishauzwa hairudishwi.

Hatua ya tatu: Isafirishe kwa bodaboda

Boksi lina zaidi ya mita mbili. Mtu mwenye pesa za kuchezea angekodi kirikuu, akalilaza nyuma na kulifunga kamba. Wewe mwite bodaboda. Atalitazama, atakutazama, atasema, "Inakaa hiyo." Ataliweka kwa upana, wewe utalipakata mapajani, na kuanzia hapo mpaka Kimara mtatumia leni mbili za Barabara ya Morogoro. Kila kioo cha gari mtakachokigonga kitaacha alama kwenye bomba la ndani, na bomba likishapinda hata kidogo, kitambaa hakijikunji sawasawa tena. Usijali, bomba liko ndani na halionekani.

Hatua ya nne: Mwite fundi

Ukimpigia saa mbili asubuhi, fundi yupo Tazara. Saa tano bado yupo Tazara, foleni. Atafika saa tisa alasiri na drili ya kuazima, bila pima maji.

"Pima maji ya nini, kaka? Jicho langu halijawahi kunidanganya."

Tatizo ni kwamba dari nayo ilifungwa na fundi mwingine kwa jicho lake. Macho mawili ya mafundi wawili hayajawahi kukubaliana, na skrini ndiyo inayolipa. Ikifungwa upande mmoja juu, mwingine chini, kitambaa kinajikunja kwa kusogea pembeni, kinasuguana na kasha, ukingo unaanza kuchanika, na mawimbi yanaingia katikati ya picha.

Halafu kuna suala la mahali pa kufungia. Dari ya jipsamu inapendeza, lakini ubao wake una unene wa milimita tisa hadi kumi na mbili tu, na kazi iliyoizoea ni kubeba rangi na buibui. Skrini ina uzito wake, na kila unapoivuta unaongeza uzito wa mkono wako. Fundi makini hugonga dari akisikiliza, au hupitisha sumaku kutafuta skrubu zilizofichwa, kwa kuwa penye skrubu ndipo penye mbao, na mbao ndiyo inayobeba. Asipoikuta mahali anapotaka, hupanda darini na kuongeza mbao ya mbili kwa nne. Au huachana na dari akafunga kwenye ukuta wa tofali: tundu la milimita nane linalopita lipu na kufika kwenye tofali lenyewe, halafu fisha, halafu skrubu. Kabla ya kutoboa huangalia swichi na soketi zilipo, maana waya wa umeme aghalabu hupanda wima kutoka hapo.

Wako hana muda wa hayo. Wako anapiga skrubu nne fupi kwenye jipsamu, analipapasa kasha, anasema, "Hapo bosi mpaka wajukuu," na kupokea chake. Kipande cha kwanza cha dari kitakapoanguka, mpigie simu. Atakuwa Tazara.

Hatua ya tano: Vuta, achia

Ndani ya bomba kuna springi. Ukivuta skrini chini, springi inajikaza, na ukisimama, meno ya loki yanaishika. Kuipandisha, unavuta kidogo tena mpaka meno yaachie, kisha unaisindikiza juu taratibu, mkono haujaachana nayo mpaka ifike. Hapo kwenye kusindikiza ndipo watu huacha kusoma maelekezo.

Shemeji ndiye atakayeanza. Atavuta, atasikia meno yameachia, atafurahi, ataachia. Chuma cha chini kitaruka mita moja na robo kwa kufumba na kufumbua na kugonga kasha kwa mlio utakaosikika nyumba ya tatu. Watoto watapiga makofi. Kuanzia siku hiyo watauona mchezo huo ni mtamu kuliko katuni.

Loki ikishachoka, itaanza kuachia yenyewe, na ina tabia ya kungoja penalti. Mpigaji anarudi nyuma hatua tatu, anavuta pumzi, na uwanja mzima unapanda mbinguni. Watu wazima hubadilisha loki. Wenye haraka hufunga kamba kutoka kwenye mkono wa skrini hadi mguu wa kabati la vyombo, ambalo kufikia hapo litakuwa limesharudi mahali pake.

Hatua ya sita: Chagua kati ya joto na mawimbi

Projekta hairushi weusi. Kila cheusi unachokiona kwenye picha ni mahali ambapo mwanga haukutupwa, yaani ni rangi ya skrini yenyewe ilivyo ndani ya chumba wakati huo. Saa kumi jioni, jua la Dar likiwa limejaa sebuleni, skrini ni nyeupe, kwa hiyo refa aliyevaa nyeusi atachezesha kwa jezi ya kijivu hafifu, na mwizi wa kwenye filamu ataingia nyumba ya watu usiku wa manane ukimwona mpaka vifungo vya shati.

Basi, funga mapazia, yawe mazito. Funga na madirisha, kwa sababu upepo unainua mapazia. Sasa umepata giza safi, pamoja na nyuzijoto 32 na jamaa zako wote kwenye chumba kisicho na hewa. Washa pangaboi.

Skrini ya bei ya kawaida haina kamba za kuikaza pembeni, imeshikwa juu tu na chuma chepesi chini. Upepo wa pangaboi utakapoifikia itajaa kama tanga la mashua. Kipa atanenepa, atakonda, atanenepa tena. Mlingoti wa goli utainama kuupisha mpira. Mtabishana nusu saa kama ilikuwa ni kuotea, kila mtu akiapa kwamba aliuona mstari, na hakuna atakayekumbuka kwamba mstari ulikuwa unapindishwa na pangaboi namba tatu. Izime, na mstari utanyooka huku mashati yakiloa. Skrini zenye kamba za kukaza pembeni zipo. Ulizia bei yake siku ambayo umekaa.

Mtu asiye na haraka angekuwa ameelewa mapema kwamba chumba ndicho kinachoonyesha filamu, kwa giza lake, urefu wake na hewa yake, na skrini inakuja mwisho kabisa. Angeazima projekta wiki moja, akairushia ukutani kila jioni, akaona picha inakaa wapi na watu wanapita wapi. Huenda angegundua kwamba ukuta ulionyooka, uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, unamtosha, akamaliza kazi kwa ndoo ya lita nne. Lakini mtu wa namna hiyo hasomi miongozo. Yuko kwake anaangalia mpira.

Hatua ya saba: Pokea wageni

Mwenye kibanda umiza hutoza kiingilio. Wewe utalipwa kwa salamu. Watakuja na watoto, watakuja na rafiki wa shemeji, na viatu vitajaa barazani. Watakaa, kisha wataanza kulalamika.

Kwanza sauti. Spika ya projekta iko pale projekta ilipo, kwa hiyo goli litafungwa mbele ya macho na mtangazaji atashangilia utosini au magotini. Utanunua spika nyingine. Kisha waya wa HDMI wa mita 10, ambao ukiwa mwembamba wa bei rahisi utaipoteza picha ya 4K njiani, na ambao usipopitishwa ukutani utamwangusha mzee mmoja mwenye heshima zake. Kisha umeme. Projekta ya balbu huendelea kupuliza feni yake hata baada ya kuzimwa ili balbu ipoe. Umeme ukikatika ghafla, joto linabaki humo humo na balbu inapungua maisha. Utanunua na UPS.

Halafu atakuja mama mkwe kusalimia, akae kochi la katikati, na tamthilia yake itaanza dakika ile ile mechi inapoanza. Jibu sahihi ni "Sawa, mama." Jamaa zako wote watakaa kimya wakimtazama mwanamke anayelia kwa kimo cha sentimita 125, na dakika ya ishirini utawasikia wakiulizana huyo mume wake alikuwa amekwenda wapi.

Wakati wa kuagana kuna mmoja atakayeisogelea skrini, aipapase na kuuliza, "Hii umepata kwa shilingi ngapi?" Mtajie bei ya kitambaa peke yake. Mapazia, spika, waya, UPS, dari mpya, fundi wa kwanza na fundi wa pili aliyekuja kumsahihisha wa kwanza, visiingie kwenye hesabu hiyo. Sema kwa sauti ya kutosha. Mama watoto yupo jikoni anasikiliza, na yeye hesabu kamili anayo.